Binti anakwenda melini kwenye barafu: tumfungie nini?

MTU wa Mombasa ukimtajia baridi, hukumbuka kipupwe cha mwezi wa Julai, wakati wazee wanapotoa masweta yao ya zamani na akina mama kujitanda leso asubuhi wakienda kununua mahamri. Hata katika mwezi huo, joto la mji wetu halishuki sana chini ya nyuzijoto 20. Hiyo si baridi, msomaji. Hiyo ni hewa nzuri ya kulalia.

Nayasema haya kwa sababu vijana wengi wa Pwani siku hizi wanapata kazi katika meli za watalii, na si meli zote zinazokwenda kwenye visiwa vya jua na nazi. Ziko zinazoelekea kaskazini mwa Norway katikati ya majira ya baridi, abiria wakitaka kuiona ile mianga ya kijani inayocheza angani usiku. Ziko zinazokwenda Alaska, na nyingine hufika hadi Antaktika kwenyewe. Kisha wako wazazi wenye watoto ng'ambo, ambao hualikwa na watoto hao kupanda meli kama hizo wakiwa abiria. Wote swali lao ni moja: nitie nini mkobani?

Swali hilo liliingia nyumbani kwangu Likoni mnamo Desemba 2024. Binti yetu kitindamimba alipata kazi ya kutunza vyumba vya abiria katika meli inayoanza safari zake Hamburg, Ujerumani, na kupanda pwani yote ya Norway hadi Tromsø. Mji huo uko nyuzi 69 kaskazini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halichomozi huko. Mchana unakuwapo mwanga hafifu wa rangi ya buluu kwa saa chache, basi, kisha giza linarudi. Mama yake aliposikia kwamba kuna mahali jua halionekani kwa wiki saba, aliketi kitandani akanyamaza.

Mimi nilikuwa baharia wa sitaha katika meli za mizigo tangu 1981 hadi 2004. Baridi ya huko naijua. Mama yake anamjua binti yake. Kwa hivyo mkoba mmoja ukawa na wafungaji wawili, na kila mmoja alikuwa akifunga kwa sababu yake. Niliporudi kutoka msikitini jioni ya kwanza nilikuta masweta sita yamekwisha kukunjwa, blanketi zito la kujifunika, na kilo mbili za unga wa muhogo.

Masweta manne niliyatoa. Sikuyatoa kwa ubahili. Watu hudhani kuwa meli iliyo kwenye barafu ni baridi ndani. La hasha. Ndani ya meli ya abiria kuna joto la kutosha mwaka mzima, na mtu anayetandika vitanda na kusugua bafu tangu asubuhi hutokwa jasho hata meli ikiwa imezungukwa na theluji. Sare za kazi hutolewa na mwajiri. Baridi humkuta mtu mahali patatu: sitahani, nchi kavu anapopata ruhusa ya kushuka, na siku ya mazoezi ya kuacha meli. Mzigo wa baridi ni wa mahali hapo patatu tu.

Jambo la pili ni kwamba chumba cha mfanyakazi hakifanani na kile cha kwenye picha za matangazo. Mara nyingi huwa chini, karibu na usawa wa maji au chini yake, watu wawili wakilala vitanda vya juu na chini, na kabati la kila mmoja ni jembamba kama la shule ya bweni. Sanduku kubwa gumu halina pa kukaa. Nunua mkoba wa kitambaa imara unaoweza kukunjwa ukasukumwa chini ya kitanda. Abiria wana nafasi zaidi, lakini nimeona hata wao wakiruka masanduku yao wakienda msalani.

Sasa nguo zenyewe. Kwanza sahau pamba. Najua pamba ndiyo rafiki yetu hapa Pwani, kwani hunywa jasho na kutupoza. Kwenye baridi, tabia hiyohiyo ndiyo inayoumiza. Fulana ya pamba ikishika jasho hukaa nalo mwilini, na upepo ukiipata, mtu huwa kama amevaa kitambaa kilichotoka kwenye friji. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu nyepesi, au ya zile nyuzi za viwandani zinazokauka haraka. Nasema sufu, yaani manyoya ya kondoo, wala si sufi ya kujazia mito. Sufu hata ikilowa huendelea kumpa mtu joto, na hiyo ndiyo sababu mabaharia wa kaskazini wameivaa tangu zamani.

Juu ya nguo hiyo huja sweta au lile koti jepesi lenye manyoyamanyoya ndani, na juu kabisa koti la kuzuia upepo na maji. Ni nguo tatu nyepesi zenye hewa katikati, na wala si moja nene kama godoro. Ukipata joto unavua moja. Aliyevaa godoro hana la kuvua.

Koti hilo la juu tulilipata soko la Kongowea. Msomaji, hapa ndipo Mungu alipotupendelea sisi watu wa nchi za joto. Makoti ya theluji huja katika bale za mitumba kutoka Ulaya na Marekani, na Mombasa hayana mnunuzi isipokuwa walinzi wa usiku na watu wa bodaboda. Wenzetu wa Nairobi wanayapata Gikomba kwa bei ya juu kidogo, kwani wao huwa na baridi kidogo ya kuonyesha. Muuzaji alitaka 1,500. Nikamwuliza, "Kijana, tangu bale hili lifunguliwe umeuza makoti mangapi?" Akacheka, akasema, "Mzee wangu, leta 800."

Kabla ya kulipa nilifanya majaribio matatu, nawe uyafanye. Weka kitambaa mdomoni, upulize kwa nguvu kutoka ndani. Pumzi ikipita, upepo wa bahari utapita vilevile. Kisha vuta zipu juu na chini mara kumi, maana zipu iliyokufa haina fundi melini. Mwisho soma kile kilebo cha ndani. Koti lililojazwa manyoya ya bata ni tamu kwenye baridi kavu, lakini likilowa hujikunja na kuwa bure kabisa. Pwani ya Norway ni ya maji maji, mvua na theluji vikija pamoja, kwa hivyo chagua lililojazwa nyuzi za viwandani, na liwe refu la kufunika makalio. Katika mfuko wa koti tulilonunua tulikuta tiketi ya basi ya Ujerumani. Koti lilikuwa linarudi kwao.

Wengine wataniambia kwamba Tromsø si baridi sana kama wanavyofikiri watu, na ni kweli. Wastani wa Januari ni nyuzijoto tatu au nne tu chini ya sifuri, kwa sababu kuna mkondo wa maji ya vuguvugu unaotoka Atlantiki na kupita pwani ile, hata bandari yenyewe haigandi. Lakini kipimajoto hakisemi habari za upepo. Nyuzijoto tano chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 40 kwa saa humpiga mtu usoni kama kumi na nne chini ya sifuri. Na meli nayo inapokwenda hujitengenezea upepo wake.

Nitakusimulia kuhusu mikono. Mwezi wa Februari mwaka wa 1987 tulikuwa katika Bahari ya Baltiki. Mawimbi yalikuwa yakirusha maji sitahani, nayo yakiganda kwenye kamba, vyuma na winchi. Barafu ikizidi juu, meli huwa nzito kichwani, na meli yenye kichwa kizito huweza kupinduka. Basi tulitolewa sote na nyundo za mbao kwenda kuivunja. Mwenzetu mmoja wa kutoka Lamu, kijana hodari, aliona glavu zinamchelewesha kufungua pingu ya chuma, akavua moja. Chuma kilichoganda hushika ngozi kama gundi. Hakupiga kelele. Alisimama tu akiutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Baadaye alipoteza ncha za vidole viwili, akarudi kwao mwaka huohuo, na hakupanda meli tena.

Hadithi hiyo mke wangu alikuwa hajapata kuisikia. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo nikiificha, maana nilikuwa nikirudi kwenye meli zilezile. Niliisimulia jioni hiyo kwa sababu binti yangu alikuwa akicheka glavu jozi tatu nilizomletea. Alipomaliza kunisikiliza alizichukua zote tatu. Mama yake aliniuliza neno moja tu: "Na wewe ulikuwa karibu naye?" Nikasema ndiyo.

Basi jozi tatu: moja nyembamba inayobana, ambayo mtu anaweza kufungulia kitasa bila kuivua, ya pili nene isiyo na vidole ila kidole gumba peke yake, kwani vidole vinne vikikaa pamoja hupeana joto, na ya tatu ya akiba, kwa sababu hakuna kitu kinachopotea nchi ya baridi kama glavu ya mkono wa kulia.

Viatu vizidi mguu kwa namba moja. Watu hukosea hapa kwa kununua buti la kubana wakidhani kubana ndiko kuzuia baridi. Mguu hupata joto kutoka kwa damu, na damu haipiti mahali palipobanwa. Iweko nafasi ya soksi mbili na ya vidole kuchezeshwa. Soli iwe na meno, maana barabara za huko hufanya utelezi wa barafu usioonekana, na anayevunjika nyonga bandarini huachwa na meli. Mtandio mwepesi wa kuvaa harusini hausaidii. Binti yetu alishonewa kofia ya sufu ya kubana, akawa anavaa mtandio juu yake, na masikio yakasalimika.

Mafuta yalituletea mjadala. Mama yake alikuwa ametia chupa ya mafuta ya nazi yenye shingo nyembamba. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzijoto 24 hivi, nasi tunaona jambo hilo hapahapa katika miezi ya kipupwe. Huko yangekuwa jiwe ndani ya chupa. Tuliyahamisha kwenye kikopo chenye mdomo mpana ili ayakwangue kwa kidole. Tukaongeza mafuta mazito ya mgando ya midomo na visigino, kwani hewa inayopashwa moto melini hukausha ngozi hadi ikapasuka. Mambo mengine ya kike walinitoa chumbani wakayapanga wenyewe. Niliambiwa tu kwamba yametiwa ya miezi minane na yamechukua kilo tatu, nisiulize.

Kwenye chakula nilikuwa mkali. Nyama iliyokaushwa, hata ikiwa imekaangwa na bibi mzaa mama, hairuhusiwi kuingizwa Ulaya na msafiri kutoka kwetu, wala maziwa, wala samli. Itatupwa uwanja wa ndege mbele ya macho yako. Unga wa muhogo ulibaki Likoni kwa sababu ya uzito wake na kwa sababu hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kupikia chumbani. Mabuyu, kashata, pilipili ya unga na tangawizi kavu vilikwenda. Tangawizi ni ya kichefuchefu cha mawimbi, na pamoja nayo tulitia vidonge vya duka la dawa vikiwa katika pakiti yake. Dawa usizimimine kwenye karatasi, kwani afisa wa forodha hana njia ya kujua unga mweupe ni wa nini.

Kile kichuma cha kuchemshia maji ndooni nilikitoa mkobani kwa mkono wangu. Pasi vilevile. Moto ndio adui mkubwa wa meli, na vitu hivyo hunyang'anywa mlangoni. Chukua plagi ya kubadilishia, maana soketi za Ulaya ni za matundu mawili ya mviringo na zetu ni za meno matatu. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri hufa upesi kwenye baridi, na mtu akipotea mji mgeni gizani simu iliyokufa ni kipande cha kioo.

Hati zisikae katika mkoba mkubwa kamwe. Pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha daktari, vyeti vya mafunzo ya usalama, mkataba, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 ni ya maisha, zote zikae katika mkoba wa mkononi pamoja na seti moja ya nguo za joto. Mkoba mkubwa ukipotelea njiani, mtu atateremka Hamburg mwezi wa Januari na alichovaa. Buti na koti vivaliwe ndani ya ndege. Utatoka jasho uwanja wa Mombasa na watu watakutazama. Waache watazame, umeokoa kilo nne.

Sasa lile ambalo orodha nyingi hazilitaji. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni 1989, meli ya abiria ya Kisovieti, Maxim Gorkiy, iligonga barafu karibu na visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norway. Ilikuwa na watu zaidi ya 900. Maji yalianza kuingia, watu wakateremshwa kwenye mashua za kuokolea, na wengine wakasimama juu ya vipande vya barafu, hadi meli ya walinzi wa pwani wa Norway, Senja, ilipowafikia. Wote waliokolewa. Tazama mwezi: Juni, wakati wa kiangazi chao. Sisi tulio kazini wakati ule tuliizungumza habari hiyo kwa miezi mingi.

Kwa hivyo nilimwambia binti yangu kwamba kuna nguo ambazo hazikai kabatini. Suruali ya sufu, sweta, soksi, kofia, glavu na koti vikae katika mfuko mmoja kwenye miguu ya kitanda chake, kila usiku, hata bahari ikiwa tulivu kama maji ya kisima. King'ora kikilia, huvaliwa nguo za joto kwanza, kisha jaketi la kuokolea juu yake. Maji ya karibu na sifuri humkata mtu pumzi katika dakika za mwanzo, kabla hata hajafikiria kuogelea. Abiria naye afanye hivyohivyo. Hakuna atakayempa muda wa kutafuta soksi.

Mama yake alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Nilidhani atasema binti asiende. Alikwenda kwenye sanduku lake, akarudi na leso moja mpya, doti nzima isiyokatwa. Jina lake silisemi hapa, hayo ni yao wawili. Mizani ilionyesha kilo 24 na nusu, na ndege ilikuwa ikiruhusu 23. Nilikuwa nimeishika ile leso niipime, naye akanitazama. Nikairudisha, nikatoa vitabu viwili na kiatu changu cha akiba nilichokuwa nimemtilia.

Aliondoka Januari, akarudi Agosti 2025. Nilimwuliza habari za kila kitu, kama karani wa ghala. Glavu zilibaki mbili, ya kulia ikiwa imepotea kama nilivyosema. Masweta mawili yalitosha na moja likazidi. Mabuyu yaliisha wiki ya kwanza kwa sababu wenzake kutoka Ufilipino waliyapenda. King'ora cha kweli hakikulia, ila cha mazoezi kililia mara nyingi, na mara moja, akiwa amesimama sitahani Tromsø upepo ukivuma, msimamizi alimwuliza alikonunua koti lake. Leso aliitundika kuwa pazia la kitanda, na nusu ya pili akawa anajifunika usoni alipotoka zamu ya usiku. Alichokosa ni kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekifikiria: saa ya mkononi yenye kuonyesha mchana na usiku, kwani chumba hakikuwa na dirisha, na huko nje saa sita ya mchana na saa sita ya usiku zilifanana.

Oktoba aliitwa tena, safari hii mkataba wa miezi saba. Alifunga mkoba peke yake mlango ukiwa umefungwa. Mama yake na mimi tulikaa sebuleni tukijifanya tunatazama habari. Alipoutoa, mizani ilionyesha kilo 17. Nilitaka kuuliza kuhusu jozi ya tatu ya glavu. Mama yake alinibana mguu kwa mguu wake, nikauliza teksi inafika saa ngapi.